Wimbo Mmoja, Rekodi Nyingi: Kufundisha Namba za Utambulisho wa Muziki

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la sita nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akifundisha juu ya kazi za wasanii. Aliandika ubaoni kwamba kila wimbo una namba yake ya kimataifa. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, namba hiyo ni ya wimbo anaouimba mama nyumbani, au ya ule unaopigwa redioni?" Mwalimu akajibu kwamba wimbo ni ule ule, akaendelea na somo. Jibu hilo halikuwa sahihi, na kwa kweli swali la mtoto lilikuwa limelipita andalio la somo kwa mbali. Sikumlaumu mwalimu yule. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, nilifundisha kosa hilo hilo kwa kujiamini kabisa.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kulijibu swali la msichana yule, na kuligeuza kuwa vipindi viwili vya darasa la sita au la saba. Kwa ufupi, namba zenyewe ni mbili. Moja ni ya utungo, yaani maneno na mahadhi kama yalivyotoka kwa mtunzi. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani, na waimbaji fulani, kwa ala fulani. Mwalimu akishindwa kutenganisha mambo haya mawili, yote yatakayofuata yatakuwa ya kukariri tu.

Yafaa tuanze na sauti, kabla ya namba yoyote kuandikwa ubaoni. Chagua ubeti mmoja wa wimbo ambao darasa zima linaujua. Mwite mwanafunzi mmoja auimbe polepole, kisha wawili wengine wauimbe haraka huku wakipiga makofi, kisha darasa zima liuimbe. Kama una simu, nasa sauti mara zote tatu na uwasikilizishe. Kama huna, kusikiliza kwao kunatosha. Halafu uliza: "Tumeimba nyimbo ngapi?" Wengine watasema moja, wengine tatu. Usikimbilie kuwasahihisha. Waache wabishane kwa dakika chache, maana kila upande una haki yake: utungo ni mmoja, na uimbaji ni mara tatu. Ubishi huo ukiiva, chora ubaoni safu mbili, moja uiite UTUNGO na nyingine REKODI, kisha waulize ni mambo gani yaandikwe katika kila safu. Maneno, mahadhi na jina la mtunzi yataingia upande wa kwanza. Majina ya waimbaji, ala, mwendo, siku na mahali vitaingia upande wa pili.

Hapa jihadhari na jambo moja. Watoto wa leo wameona mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti za sabuni na biskuti, nao watakuambia kwamba namba ya wimbo ni ile iliyo chini ya mistari hiyo. Waeleze kwamba ile ni namba ya bidhaa. Sahani ya CD yenye nyimbo kumi huwa na mistari hiyo mara moja tu, kwenye jalada, kwa sababu mwenye duka anauza sahani moja. Lakini ndani yake mna rekodi kumi, na kila moja yastahili kuwa na namba yake.

Sasa tuingie katika namba ya rekodi. Kwa kifupisho chake cha kimataifa huitwa ISRC, na maana yake ni namba sanifu ya kimataifa ya rekodi. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliitolea kanuni mwaka 1986, na tangu mwaka 1989 usimamizi wake umekuwa mikononi mwa IFPI, ambalo ni shirikisho la kimataifa la watayarishaji wa rekodi. Namba hii ina nafasi kumi na mbili. Mtoto akikuuliza kwa nini inaitwa namba na hali ina herufi, mkumbushe namba za magari, ambazo nazo zina herufi na hakuna aliyewahi kulalamika.

Andika ubaoni mfano huu, ambao nimeubuni kwa ajili ya somo tu: TZ-A12-24-00007. Vistari vimewekwa ili macho yasichoke, mashine haivihitaji. Herufi mbili za kwanza hutokana na nchi ambako mtoaji wa namba aliandikishwa. Nafasi tatu zinazofuata zinamtambulisha mtoaji mwenyewe, ambaye aghalabu ni mtayarishaji au kampuni, na pengine mwanamuziki anayejitegemea. Tarakimu mbili baada ya hapo ni mwaka. Tano za mwisho ni hesabu ya rekodi za mtoaji huyo kwa mwaka ule. Waulize wanafunzi: mtoaji akianza na 00001, anaweza kuzipa namba rekodi ngapi kwa mwaka mmoja kabla tarakimu hazijamwishia? Jibu ni 99,999, na mwanafunzi atakayefikiri kwamba hata 00000 ni namba atakuwa amekuongezea moja.

Tatizo kubwa katika sehemu hii ni kwamba watoto, na hata watu wazima, husoma namba hii kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Wakiona TZ husema wimbo ni wa Tanzania. Wakiona 24 husema ulirekodiwa mwaka 2024. Yote mawili yaweza kuwa kweli, lakini namba haisemi hivyo. Mwanamuziki wa Mwanza akiipeleka kazi yake sokoni kupitia msambazaji wa Marekani, msambazaji huyo aweza kuipa namba inayoanza na herufi zake mwenyewe. Tena Marekani, baada ya nafasi zilizo chini ya herufi US kuelemewa, iliongezewa herufi nyingine kama QM na QZ, ambazo si kifupisho cha nchi yoyote. Mwaka nao ni ule ambao namba ilitolewa. Rekodi iliyonaswa kwenye utepe mwaka 1974, ikipewa namba kwa mara ya kwanza mwaka 2015, itabeba 15. Toleo la mwaka 2019 la kanuni hiyo liliziunganisha herufi mbili za mwanzo na nafasi tatu za mtoaji kuwa kiambishi kimoja, na nadhani hilo litapunguza makosa ya watu wanaotaka kusoma uraia wa muziki katika herufi mbili.

Namba ikishatolewa haibadiliki. Kampuni ikiiuza rekodi kwa kampuni nyingine, namba hubaki ile ile. Rekodi ikitoka kwenye CD ikaingia katika mkusanyiko wa nyimbo za zamani, na kutoka huko ikaingia katika intaneti, namba ni ile ile. Lakini msanii akirudi studio akaimba upya, au fundi akiuchanganya upya muziki kwa midundo mingine, au kundi likirekodiwa jukwaani, kila moja ni rekodi mpya na hupata namba mpya. Zoezi zuri hapa ni kuwasomea wanafunzi visa vifupi vifupi, nao wainue mkono wa kulia wakiona namba mpya inahitajika, au wa kushoto wakiona ya zamani inatosha. Huwa wanacheka sana, na mwalimu anaona mara moja ni nani bado amepotea.

Namba ya utungo huitwa ISWC. Kanuni yake ya ISO ilitolewa mwaka 2001, ingawa namba ya kwanza kabisa ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1995, nayo ni T-000.000.001-0, kwa ajili ya wimbo "Dancing Queen" wa kundi la ABBA la Sweden. Msimamizi wake ni CISAC, shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi lililoanzishwa Paris mwaka 1926. Namba huanza na herufi T, hufuatwa na tarakimu tisa, na mwisho huwekwa tarakimu moja ya ukaguzi. Tofauti na namba ya rekodi, hii haibebi nchi, wala mwaka, wala jina la mtoaji. Ukiitazama haikuambii lolote juu ya wimbo. Habari zote zimo katika daftari lililo nyuma yake: jina la utungo, majina ya watunzi wote, na kazi ya kila mmoja, kama alitunga mahadhi, au maneno, au alipanga sauti. Watunzi wasipotajwa wote, namba haipaswi kutolewa.

Tarakimu ya ukaguzi ndiyo zawadi ya somo hili kwa mwalimu wa hisabati. Chukua namba T-034.524.680-1. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, na kuendelea hadi ya tisa kwa 9. Tutapata 0, 6, 12, 20, 10, 24, 42, 64 na 0. Jumla ni 178. Herufi T huhesabiwa kuwa 1, hivyo jumla kamili ni 179. Kutoka 179 kufikia kumi kamili iliyo mbele yake, yaani 180, inahitajika 1. Hiyo 1 ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Kama jumla yenyewe ni kumi kamili, tarakimu huwa 0, na wanafunzi waweza kulithibitisha hilo kwa namba ya ABBA.

Baada ya hapo wape nafasi ya kuharibu. Karani asiye makini akipindua tarakimu ya tatu na ya nne, akaandika 035 badala ya 034, na 424 badala ya 524, jumla itakuwa 178 badala ya 179, na ukaguzi utadai 2. Kosa limekamatwa. Kwa kweli kupindua tarakimu mbili zilizo jirani ambazo hazilingani hukamatwa sikuzote, na mwanafunzi mwepesi wa darasa la saba aweza kuelezwa sababu: jumla hubadilika kwa tofauti ya tarakimu hizo mbili tu, na tofauti hiyo haiwezi kufika kumi. Lakini sasa badilisha tarakimu ya tano, 2 iwe 4. Nafasi hiyo huzidishwa kwa 5, kwa hiyo jumla inapanda kwa 10, inakuwa 189, na ukaguzi bado unadai 1. Kosa limepita mlangoni bila kuonekana! Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza na walimu wanafunzi, darasa lilinyamaza, kisha mmoja akauliza kama waliotengeneza namba hii walijua. Bila shaka walijua. Kila ukaguzi wa namna hii una matundu yake, na namba ya rekodi haina tarakimu ya ukaguzi hata moja. Mkosaji katika ISRC hugunduliwa tu kwa kuilinganisha na daftari. Wape watoto nafasi ya kuyatafuta matundu mengine. Ni zoezi la kuzidisha ambalo hakuna atakayelalamika kuwa ni refu.

Kipindi cha pili kiwe cha mfano mmoja halisi. Mimi huchagua "Malaika", kwa sababu hakuna mtoto asiyeujua na kwa sababu una mgogoro ndani yake. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliurekodi katika sahani yao ya pamoja ya mwaka 1965. Boney M. waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Waulize wanafunzi: kanuni yataka hapa ziwepo namba ngapi za rekodi? Nne, kwa hizo tulizozitaja, na nyingine nyingi kwa wale ambao hatukuwataja. Na utungo je? Ule utungo wa asili ni mmoja, na rekodi zote hizo zapasa kufungamana nao. Mtu akiutafsiri kwa lugha nyingine au akaupanga upya kama kazi mpya, toleo lake huweza kupata namba yake ya utungo, lakini ikiwa imeunganishwa na ile ya asili.

Hapo ndipo darasa laweza kuelezwa juu ya fedha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na maneno hayo mawili yanafaa kuandikwa ubaoni juu ya zile safu mbili za kipindi cha kwanza. Mtunzi ana hakimiliki ya utungo wake. Mwimbaji na mtayarishaji wana hakishiriki katika rekodi. Redio inapoupiga wimbo, au msikilizaji anapousikiliza katika intaneti, kuna njia mbili ambazo malipo yanaweza kupitia, na kila njia ina namba yake. Anayepeleka rekodi sokoni huiandikia ISRC, maana bila hiyo maduka ya intaneti hayaipokei kwa urahisi. Lakini kuiunganisha rekodi hiyo na ISWC ya utungo ni kazi nyingine, na haifanyiki yenyewe. Mtu asipoifanya, rekodi husafiri dunia nzima ikiwa na majina ya waimbaji huku nafasi ya mtunzi ikiwa tupu. Mimi naona huko ndiko watunzi wa Afrika Mashariki walikopotelewa zaidi, kwa sababu nyimbo zetu nyingi ziliimbwa na mmoja, zikapangwa na mwingine, na mtunzi hakuandikwa popote.

"Malaika" wenyewe ni ushahidi. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alijulikana kuwa mtunzi wake. Lakini wapo waliomtaja Adam Salim wa Tanzania, na wengine wakamtaja Grant Charo. Mwanafunzi atauliza tu: "Namba inasema nani?" Mwalimu aseme wazi kwamba namba haina uwezo wa kuamua. Daftari hubeba majina yaliyoletwa na kuandikishwa; kama aliyeandikisha alikosea, au alidanganya, namba itabeba kosa hilo kwa utaratibu mzuri kabisa, na tarakimu ya ukaguzi itakubali. Usijaribu kuumaliza mgogoro huu darasani. Yatosha watoto wajue kwamba haukuanza kwa kukosekana kwa tarakimu, bali kwa kukosekana kwa karatasi yenye jina siku wimbo ulipotungwa.

Wengine watauliza juu ya nyimbo za jadi na zile za mchakamchaka. Rekodi ya wimbo wa jadi hupata ISRC kama rekodi nyingine yoyote. Katika utungo, mtunzi hajulikani, na anayeupanga wimbo huo upya aandikwe kuwa mpangaji, asiandikwe kuwa mtunzi. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kijiji chenye wimbo wake hakiioni ndogo.

Katika kupima somo, usiwaulize wanafunzi kirefu cha ISRC. Nilikwisha kufanya hivyo, nikapata majibu thelathini sahihi kutoka kwa watoto ambao hawakujua wimbo na rekodi vinatofautianaje. Afadhali uwape kazi. Wagawe katika vikundi vya watoto watano, kila kikundi kitunge ubeti mmoja na kiitikio juu ya jambo la shuleni, kisha kijaze ukurasa mmoja wa daftari: jina la utungo, aliyetunga maneno, aliyetunga mahadhi, tarehe. Chini yake kijaze mistari ya rekodi au maonyesho: nani aliimba, lini, wapi. Utungo mmoja uwe na namba yake ya darasa, na kila mara wimbo unapoimbwa mbele ya watu uandikiwe mstari wenye namba nyingine.

Tulianza daftari kama hilo hapa chuoni kwa sababu ya aibu yetu wenyewe. Kwaya yetu ina wimbo ambao wageni huusifu kila mahafali, na siku moja mgeni alipouliza umetungwa na nani, wakufunzi watatu walitoa majina matatu. Wimbo huo umeandikwa ukurasa wa kwanza, na nafasi ya mtunzi imeachwa wazi, kwa penseli.

Katika shule moja ya mazoezi kikundi cha wavulana watatu na wasichana wawili kiligombana juu ya kiitikio. Kila mmoja wa wavulana wawili alidai kimetoka kwake. Mwalimu mwanafunzi alitaka kuandika majina ya watano wote ili amalize kipindi kwa amani. Nilimwomba asubiri. Alikiita kikundi kando, akawataka waimbe hatua kwa hatua jinsi wimbo ulivyokua, tangu jioni ya kwanza chini ya mwembe. Ilichukua muda wa mapumziko yote. Mwishowe ilionekana kwamba mahadhi ya kiitikio yalikuwa ya msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu ugomvi uanze, na wavulana wale wawili walikuwa wametia maneno. Majina matatu yakaingia katika daftari, kila moja katika safu yake.